Programu huria zarahisisha uhifadhi wa ramani za mwinuko

Wataalamu wanaotaka kujua ni mitaa ipi ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, iliyo chini zaidi hawalazimiki kununua programu za gharama kubwa. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000, hutolewa bure, na programu za kuvihifadhi ni huria.

Hifadhidata yenyewe ni PostgreSQL iliyoongezewa PostGIS. Tangu toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2012, PostGIS hupokea pia ramani za rasta, yaani zile zilizoundwa kwa vijimraba vyenye tarakimu. Huingizwa kwa programu ya raster2pgsql, ambayo husoma mafaili kwa msaada wa GDAL, kazi iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998.

Tatizo ni ukubwa. Faili la nyuzi moja ya latitudo kwa moja ya longitudo lina vijimraba 3,601 kila upande, karibu milioni 13 kwa jumla. Likiingizwa zima, hifadhidata hulazimika kulifungua lote hata kwa swali la mtaa mmoja. Hivyo hukatwa vipande vya 100 kwa 100, ambavyo hufikia 1,369, kisha vikawekewa faharasa. Swali likaenda moja kwa moja kwenye kipande kinachohusika.

Linalosahaulika mara nyingi ni namba ya mfumo wa majira ya ramani, ambayo kwa vipimo hivi ni 4326. Ikiandikwa nyingine, raster2pgsql hailalamiki: jedwali hujaa vizuri, ila Jangwani haipo mahali pake.