Usisugue Risasi Uliyookota

Ndugu wafanyakazi, vita vya 1979 na 1980 vilipita Arua na Koboko, na hata leo jembe laweza kuibua risasi shambani. Asitokee mtu wa kusugua utando wake mkavu wa grisi na kutu ili auze shaba, wala wa kuiosha kwa petroli. Kitakoni mna fataki. Ikigongwa huwasha baruti, ingawa imekaa ardhini miaka mingi. Kichwani mara nyingi mna madini ya risasi: unga wake ukibaki mikononi huliwa pamoja na chakula, na watoto ndio hudhurika zaidi. Iache palepale, weka alama kando, waonye wenzako, kisha mwarifu msimamizi na polisi. Bei ya shaba hairudishi kidole.