Staji ya banki Bukavu: gishe ikifungwa, mwanafunzi anajifunza wapi?

Mwanafunzi wa finansi pa Bukavu, mbele ya kumaliza masomo, anaombwa kufanya staji. Anapeleka barua kwenye banki, anangojea jibu. Mara nyingi mwenye kujulikana na mtu wa ndani ndiye anaitwa wa kwanza.

Mwanzoni hapewi feza mkononi, na ni haki. Anapanga madosie, anasaidia wateja kujaza fishi za kufungua konti, anaangalia namna mtu wa kese anavyohesabu dola na franga, akitia pembeni noti zilizopasuka. Mangaribi, karatasi zinapaswa kulingana na feza iliyo ndani ya kese. Ikikosekana hata franga 500, wanahesabu tena. Darasani jambo hilo haliingie kichwani.

Hilo ndilo lilikatika Februari 2025. M23 iliingia Bukavu, na banki zikafungwa, sawa na zile za Goma mwezi Januari. Banki inaishi kwa noti za Banki Kuu ya Congo. Njia yazo ikikatika, gishe haina kazi. Wakaaji wakabakia na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money.

Basi barua za staji zinaenda fasi ingine: duka la jumla kule Kadutu, ao kibanda cha kutoa feza kwa simu. Kule atajifunza kese, ndiyo. Lakini kuchunguza mukopo, kutembelea biashara ya mteja, kuangalia garanti, kumwambia mtu hapana, kibanda hakifanye hiyo. Siku milango itafunguliwa, atashindania kazi na mwenzake wa Kinshasa aliyesimama nyuma ya gishe.