Jenerali hakutaka kuuliza, vijana wa Nyeri wakalipa

Ukitoka Nyeri na matatu ukashuka tao Nairobi, Soko la Kariokor haliko mbali. Umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulimi wetu ulilikunja hivyo. Waliobebeshwa mizigo walikuwa vijana wa rika lako, wakiwemo wa huku kwetu. Ili uelewe kwa nini vita vile viliwala wengi hivyo, twende kwanza Tanga.

Novemba 1914, Tanga ni bandari ya Wajerumani, si mbali na mpaka wa Kenya. Meja Jenerali Arthur Aitken anafika na watu kama 8,000 kutoka India. Mjini Wajerumani hawana hata askari 1,000. Kwa hesabu, hiyo mechi imeisha kabla ya kipenga.

Lakini jamaa alikuwa na dharau. Maafisa wa KAR, ambao askari wao waliijua nchi hii, walijitolea kumsaidia. Akakataa. Richard Meinertzhagen, afisa wake wa upelelezi, aliandika baadaye kwamba alimwonya. Ni yule yule aliyekuwa hapa Nyeri 1902 na aliyemuua Koitalel arap Samoei 1905. Msome kwa tahadhari, maana wanahistoria wamemnasa na uongo mwingi. Hata hivyo, kwamba Aitken hakusikiliza wenyeji, hilo halibishaniwi.

Kosa la pili lilikuwa muda. Tarehe 2, meli ya kivita ya Fox iliingia bandarini kuwaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana hapo yamekwisha. Yaani mwizi amepiga hodi! Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Usiku akazunguka mjini kwa baiskeli, akajionea mwenyewe hali ilivyo.

Aitken hakutuma hata watu wa kuchungulia. Alishusha askari waliochoka na safari ya bahari kwenye ufuo wa mikoko, kisha tarehe 4 akawapeleka vichakani na kwenye mashamba. Risasi zikawapokea. Nyuki nao wakatoka mizingani, wakauma pande zote mbili. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa. Siku iliyofuata walipanda meli, wakaacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi laki kadhaa. Adui akazitumia.

Mpaka leo wengine huviita vita vya nyuki. Ni rahisi kulaumu nyuki kuliko bosi.

Aitken alivuliwa uongozi, akashushwa cheo hadi kanali. Bei yake iliishia hapo. Vita alivyodhani vitakwisha upesi viliendelea hadi Novemba 1918. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua punda na ng'ombe, kwa hivyo mzigo ulipanda kichwani mwa binadamu. Mwaka 1917 Waingereza walikusanya wanaume kwa nguvu, na hata vijana wa misheni ya Tumutumu wakaenda. Kwa hesabu za serikali yenyewe, wapagazi waliokufa walizidi 40,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na chakula kibovu.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu yao, mpagazi kando ya askari. Majina hakuna, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Basi wikendi hii ukienda ocha, kaa na guka au cucu. Waulize kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyepelekwa vita vya Wajerumani na hakurudi. Ukipata jina, liandike. Aitken hakutaka kuuliza. Wewe uliza, kabla wanaokumbuka hawajaisha.