Land Rover Yenye Injini Kubwa: Angalia Ekseli Zake

Wakulima wengi wa skimu za makazi, hasa upande wa Nyandarua ambako njia huwa tope tupu wakati wa mvua, hupeleka maziwa na viazi kwa Land Rover za zamani, zile zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985. Injini ya kwanza ikichoka, mwenye gari humwita fundi atie ya dizeli iliyo kubwa zaidi, na tairi kubwa juu yake. Gari hupata nguvu. Lakini nguvu hiyo hupita wapi kabla ya kufika kwenye udongo? Wengi hawaulizi mpaka siku gari linaposimama mlimani, madebe ya maziwa yamejaa.

Nguvu hutoka katika injini ikapita klachi, giaboksi na propela, kisha ikaingia difu, yaani lile bakuli la meno lililo kati ya magurudumu. Kutoka hapo chuma kimoja kirefu huenda gurudumu la kulia na kingine la kushoto. Hivyo ndivyo ekseli. Katika gia ya kwanza ya chini, nguvu ya kuzungusha huzidishwa mara 40 hivi, na ni ekseli zinazoibeba. Tairi nazo huongeza kazi. Ukitoa za 6.00-16, zenye kimo cha inchi 28 hivi, ukatia za 7.50-16 zenye inchi 32 hivi, basi kwa msukumo ule ule ekseli iliyobeba 7 sasa itabeba 8.

Jambo la kuogopwa ni hili. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haimo magurudumuni. Hushika propela ya nyuma. Ekseli moja ya nyuma ikikatika, kipande kilichobaki ndani ya difu huzunguka bure, na breki ya mkono haishiki tena. Gari lenye mzigo laweza kurudi nyuma lote. Breki ya mguu bado inafanya kazi, kwa hiyo kanyaga, wala usiondoe mguu mpaka mwenzako ameweka mawe nyuma ya magurudumu. Chukua kigogo cha kuzuilia garini kila siku. Ukiisha kuteremsha mzigo, funga kufuli za vitovu vya mbele kama zipo, bonyeza kifundo cha manjano, na magurudumu ya mbele yatakufikisha nyumbani polepole.

Kuimarisha huanzia nyuma. Badilisha ekseli zote mbili, si moja, maana ya pili imechoka sawasawa na ile iliyokatika. Chukua ya zamani umpe fundi: ahesabu meno ya upande wa difu (ya kawaida ni 10) na apime urefu. Ekseli iliyovunjika isichomelewe kamwe. Chuma chake kilikazwa kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea huuharibu ukali huo. Itavunjika tena, pengine mahali pabaya zaidi.

Land Rover nyingi ndefu za inchi 109 za miaka ya 1970 zina difu ya nyuma iitwayo Salisbury, nene zaidi. Utaitambua kwa kifuniko chake cha nyuma kilichofungwa kwa boliti. Ukipata nzima katika gari lililokufa, hiyo ni bora kuliko ekseli mpya katika difu dhaifu, ingawa propela itabidi ipimwe upya. Hakikisha hesabu ya meno ni sawa mbele na nyuma. Magari haya kwa kawaida yana 4.7, ukitia 3.54 nyuma peke yake, siku utakapobonyeza kile kifundo gari litajivunja lenyewe.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Gurudumu likiteleza na kurukaruka, ondoa mguu kwenye mafuta, kwa maana ni pale linaposhika ghafula ndipo ekseli hukatika. Usiachie klachi kwa kishindo. Katika tope tumia magurudumu yote manne, ili kazi igawanywe kwa ekseli nne badala ya mbili; ukifika lami yaondoe, kwani huko mbele na nyuma hushindana na kuzipinda ekseli bure.

Baada ya kila mto uliovuka kwa kina, fungua nati ya difu utazame oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia: imwage yote, utie EP 90 mpya.