Figo Zikichoka, Dozi Hubadilika

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hukutana nalo kwenye dirisha la dawa bila kuelezwa. Kwa nini mfamasia humpunguzia mgonjwa wa figo dozi, au hukataa kabisa kumuuzia dawa ambayo jirani yake anaimeza bila shida?

Kila mama aliyewahi kumnywesha mtoto dawa ya maji anajua kanuni ya kwanza. Mtoto wa miezi minane hapewi kijiko sawa na cha kaka yake wa miaka minane. Dozi hufuata mwili wa anayeimeza. Kwa mgonjwa wa figo kanuni ni hiyo hiyo, ila sasa tunaangalia pia figo zake zimebaki na nguvu kiasi gani.

Figo hufanya kazi gani?

Karibu kila mtu huzaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku. Hiyo ni mitungi 9 ya lita 20. Karibu maji yote hurudishwa mwilini, na lita 1 hadi 2 tu hutoka kama mkojo, zikiwa zimebeba uchafu. Dawa nyingi tunazomeza hutoka mwilini kwa njia hiyo hiyo.

Sasa fikiria sinki la jikoni. Mfereji ukifunguliwa kidogo na bomba la chini liko wazi, maji huingia na kutoka, na sinki halijai. Bomba likiziba nusu, na wewe hukupunguza mfereji, baada ya muda maji yatamwagika sakafuni. Mfereji ni dawa unayompa mgonjwa. Bomba la chini ni figo. Dawa iliyomfaa mwaka jana inaweza kujaa ndani ya damu yake mwaka huu, hata kama vidonge ni vile vile na saa ni zile zile.

Mfamasia hupunguza vipi?

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza kiasi cha dawa kila inapomezwa. Ya pili ni kuacha kiasi kile kile, lakini kurefusha muda kati ya dozi moja na nyingine. Chukua amoksilini, dawa ya kuua viini inayojulikana sana. Mtu mzima mwenye figo nzuri huandikiwa mara nyingi miligramu 500 kila baada ya saa 8. Figo zikiwa zimedhoofika sana, dawa hiyo hupewa kila baada ya saa 12, na zikiwa karibu kusimama, mara moja kwa siku. Kwa hiyo usishangae bahasha ya jirani ikiandikwa 1×3 na ya mgonjwa wako 1×2. Hujapunjwa.

Tena dozi ya kwanza mara nyingi haipunguzwi, kwa sababu dawa inahitajika kufika haraka kwenye damu. Zinazofuata ndizo hupunguzwa. Ndiyo maana si vizuri wewe mwenyewe kukata vidonge nusu nyumbani. Dozi ndogo mno haiui viini, na ugonjwa hurudi na nguvu zaidi. Pia si kila dawa hubadilishwa. Amlodipini ya presha, kwa mfano, haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo.

Kwa nini anauliza umri na uzito?

Maabara hupima kitu kinachoitwa kreatinini. Huu ni uchafu unaotoka kwenye misuli, na figo ndizo huutoa. Kreatinini ikipanda, figo zinachelewa. Lakini nambari hiyo ikisomwa peke yake inaweza kudanganya, maana mtu mwenye misuli michache hutengeneza kreatinini kidogo.

Mwaka 1976 madaktari Donald Cockcroft na Henry Gault wa Kanada walitoa hesabu ambayo wafamasia wengi hutumia hadi leo. Huchanganya kreatinini, umri, uzito, na kama mgonjwa ni mke au mume. Tazama mfano huu. Nyanya wa miaka 78 mwenye kilo 45 na kijana wa miaka 30 mwenye kilo 75 wamepimwa, na wote wawili karatasi inaonyesha kreatinini ya 110. Kwa hesabu hiyo, figo za kijana zinasafisha mililita 92 hivi za damu kwa dakika. Za nyanya zinasafisha 26 tu. Nambari ya maabara ni moja, lakini figo za nyanya zimebaki na nguvu chini ya theluthi moja ya zile za kijana. Akipewa dozi ya kijana, ataumia. Kwa mtoto hesabu ni nyingine, nayo huhitaji urefu wake, kwa hiyo mtoto mwenye shida ya figo apimwe urefu pia.

Dawa za kuangalia sana

Kwanza ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mgonjwa wa figo asinunuliwe dawa ya magoti au mgongo kiholela, hata kama ni vidonge vya shilingi ishirini. Hatari huwa kubwa zaidi zikichanganywa na dawa ya presha kama enalaprili au losatani, pamoja na ile ya kukojoza maji. Dawa tatu hizi zikikutana kwa mtu mmoja, figo zinaweza kuzorota kwa siku chache. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo huchaguliwa kwanza, kwa kiasi alichoambiwa.

Pili ni dawa za kisukari. Metformini hupunguzwa nguvu za figo zikishuka chini ya 45, na huachwa zikishuka chini ya 30. Insulini na glibenklamidi nazo hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Hapa akina mama sikilizeni vizuri. Mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa juu miaka mingi ghafla anaanza kupata nambari nzuri, tena nyingine za chini. Nyumbani watu wanafurahi kwamba kisukari kinapona. Huenda si kupona. Huenda figo zimechoka, na dawa ya jana bado imo mwilini wakati anapewa ya leo. Sukari inaweza kushuka usiku watu wakiwa wamelala. Akitetemeka, akitokwa na jasho baridi au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji ikiwa anaweza kumeza, kisha mpeleke hospitali. Ikiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali mara moja.

Tatu ni dawa za kiungulia zenye magnesi, ambayo hujaa mwilini figo zikiwa dhaifu. Nne ni sindano ya gentamisini, ambayo hupangiwa muda kwa uangalifu mkubwa kwa sababu inaweza kuumiza figo na masikio. Na miti shamba? Hiyo haina dozi iliyopimwa, na mfamasia hawezi kuihesabu. Usiifiche, mwambie.

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine ana mpango wake. Mashine huondoa uchafu, lakini huondoa dawa pia. Kwa hiyo dawa nyingine humezwa baada ya kusafishwa, si kabla. Uliza zipi.

Mazungumzo kwenye dirisha la dawa

Hebu tusikilize jinsi mama anavyoweza kuzungumza na mfamasia.

Mama: Habari ya leo, daktari. Nimekuja kuchukua dawa ya mama mkwe. Ana shida ya figo. Karatasi ya maabara ni hii, ya mwezi uliopita.

Mfamasia: Asante mama kwa kuileta. Shosho ana miaka mingapi, na ana kilo ngapi?

Mama: Miaka 78. Kliniki walimpima wakapata kilo 45.

Mfamasia: Kuna dawa zingine anameza?

Mama: Zote ziko kwenye mfuko huu, na hii ya magoti tulinunua dukani.

Mfamasia: Hii ya magoti asimeze tena. Na hii ya kuua viini, cheti kinasema mara tatu kwa siku. Ngoja nimpigie simu aliyeiandika tukubaliane, halafu nikuandikie upya.

Mazungumzo hayo ni ya dakika tano. Usione mfamasia anakuchelewesha. Anayeandika dawa katika foleni ndefu anaweza asiwe na karatasi ya maabara mbele yake, na dirisha la dawa ndipo mahali pa mwisho pa kugundua. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na ikiwezekana nunua duka moja kila mara, ili wakujue. Usimtume mtoto au mtu wa boda boda aseme tu, "Nipe dawa ya maumivu."

Lini urudi haraka?

Mgonjwa wa figo akiharisha, akitapika au akishindwa kunywa maji, figo zake hushuka zaidi siku hiyo hiyo. Piga simu kliniki au umpeleke siku hiyo, kwa maana dawa nyingine huenda zikasimamishwa kwa muda. Usizisimamishe mwenyewe. Enalaprili, kwa mfano, hulinda figo za wagonjwa wengi, na kuiacha bila mpango ni hasara. Mpeleke pia akikojoa kidogo sana, akivimba uso au miguu, akilala usingizi usio wa kawaida, au akichanganyikiwa baada ya kuanza dawa mpya.

Mambo ya kukumbuka

1. Sema neno "figo" kabla dawa haijafungwa, hata kama hukuulizwa.
2. Andika kwenye daftari la hospitali kreatinini ya mwisho, tarehe yake na uzito wa mgonjwa. Daftari liende kila mahali.
3. Beba dawa zote anazomeza, pamoja na za dukani na miti shamba.
4. Usipunguze wala kuongeza dozi mwenyewe, na usimpe dawa ya mtu mwingine.
5. Kila baada ya kupimwa upya, uliza: "Je, dozi zibaki hivi?" Figo zikishuka dozi hubadilika, na zikipata nafuu inaweza kurudishwa.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafuta ile karatasi ya maabara iliyo kabatini au chini ya godoro, uiweke ndani ya daftari la mgonjwa.