Mboga Zitangulie Foleni

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni hapa Migori, na nimeona kwamba mwanafunzi hujaza sahani kwa kile anachokutana nacho kwanza. Basi mboga nimeziweka mwanzo wa foleni, ugali ukafuata. Vibakuli vya chumvi nimeviondoa mezani: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile hata gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai.

Chakula bora tunacho. Omena (dagaa) huvuliwa Muhuru Bay, na kule Mbita, Homa Bay. Huliwa mzima pamoja na mifupa, kwa hiyo hutupa kalsiamu. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa hutupa vitamini A. Mboga za osuga (mnavu) na dek (mgagani) ni chungu, kweli, na watoto hulalamika. Lakini nikizichanganya na apoth (mlenda) na kutia maziwa kidogo, masufuria hurudi matupu.

Walimu wakuu, mnapopanga bajeti ya muhula, muulizeni kwanza mama mboga wa soko la jirani kabla ya kuagiza kabichi za mbali.