Salio Lako Si Pesa Zako Zote: Kwa Nini Elfu Moja Hailingani na Elfu Moja

Je, shilingi 1,000 ni shilingi 1,000 tu? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini hebu fikiria. Elfu moja uliyolipwa baada ya kulima shamba la mtu juani siku mbili, na elfu moja uliyotumiwa ghafla na binamu yako aliye Nairobi. Utazitumia kwa njia moja? Wengi wetu hapana. Ya kwanza tunaibana. Ya pili inaisha kabla jua halijatua, na ukiulizwa ilienda wapi, huna jibu.

Watu hudhani huu ni ukosefu wa nidhamu. La, ndivyo akili ya binadamu inavyohesabu. Na huku kwetu Homa Bay na Migori, jambo hili lilikuwa na jina zamani.

Pesa chungu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti kutoka Marekani, Parker Shipton, alifanya utafiti vijijini katika wilaya iliyoitwa South Nyanza, ambayo leo tunaijua hasa kama Homa Bay na Migori. Alikuta Waluo wakizungumza kuhusu *pesa makech*, yaani pesa chungu. Hizi zilikuwa pesa zilizotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi, au hata jogoo wa boma. Za wizi pia zilikuwemo.

Noti ni ile ile, lakini hungeweza kuinunulia ng'ombe wa mahari. Iliaminika kwamba ng'ombe hao wangekufa, au msiba ungeingia katika familia, mpaka pesa hizo zitakaswe kwanza. Shipton alichapisha kitabu chake, *Bitter Money*, mwaka 1989.

Uamini au usiamini laana hiyo, angalia kazi iliyofanya. Shamba likiuzwa, anayepokea pesa ni mmoja, lakini wanaokosa mahali pa kulima ni watoto na wajukuu. Kuziita pesa hizo chungu kulimfanya mtu asite kabla ya kuuza, na kabla ya kutumia. Jina tu, na mkono unazuiwa.

Mifuko ya kichwani

Mwaka 1985, mwanauchumi Richard Thaler wa Marekani aliandika kuhusu kile tunachoweza kukiita uhasibu wa akilini. Anasema watu huzigawa pesa kwenye mifuko ya kichwani: ya karo, ya chakula, ya starehe. Kila mfuko una sheria zake, na hatupendi kuchukua huku kuweka kule. Mwaka 2017 Thaler alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, na wazo hili lilikuwa miongoni mwa kazi zilizompa heshima hiyo.

Zamani mifuko hiyo ilionekana kwa macho. Pesa ya karo ilikaa kwenye mkebe, ya soko kwenye fundo la leso, ya chama kwa mweka hazina. Ukifungua mkebe wa karo kununua soda, ulijua unachofanya.

Sasa zote zinaingia kwenye laini moja, na simu inakuonyesha namba moja tu: salio.

Namba inavyodanganya

Chukua mfano wa mama anayeuza omena Mbita. Asubuhi salio lake ni shilingi 18,400. Ndani yake, 11,000 ni za mwenye boti, kwa mzigo aliouchukua jana kwa mkopo. 2,000 ni za chama. 3,000 ni mtaji wa kununulia mzigo wa kesho. Faida yake halisi ni 2,400.

Simu inaita: shule inataka 4,000, la sivyo mtoto arudi nyumbani. Anatuma. Akiangalia salio, anaona 14,400, na moyo unatulia. Jioni anamlipa mwenye boti, kisha chama. Anabaki na 1,400. Mtaji umeliwa zaidi ya nusu.

Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi hawapatikani kwa wingi. Kama siku hizo ziko karibu, hatakuwa na nafasi ya kurudisha mtaji haraka. Atakopa. Mama huyu hakufuja hata shilingi moja. Alilipa karo. Lakini 1,600 kati ya hizo 4,000 zilikuwa za biashara, na hakuna kitu kilichomwonyesha hivyo kabla hajatuma. Angejua, pengine angeomba shule impokee 2,400 kwanza.

Jina nalo linaweza kukupoteza

Kuna upande wa pili. Pesa za kubeti tunaziita "za bure", na zinaisha kibure. Lakini zinanunua sare ya shule sawasawa na pesa za jasho.

Mwingine ana 5,000 "za Krismasi" ambazo hataki kuzigusa, halafu anakopa 5,000 kwa simu na kulipa riba. Amelipia pesa alizokuwa nazo tayari. Hapo afadhali ajikopeshe mwenyewe, aandike tarehe ya kurudisha.

Ufanye nini?

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu jambo rahisi na vyama vya akiba magharibi mwa Kenya. Baadhi ya watu walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, la kuwekea pesa za afya kama vile kununua neti. Ufunguo walibaki nao wenyewe, hakuna aliyewazuia kufungua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba matumizi kwa ajili ya kinga ya afya yaliongezeka kwa zaidi ya nusu. Kutenga pesa na kuzipa jina kulisaidia.

Nawe unaweza kutengeneza sanduku lako:

1. Zipe pesa jina siku zinapoingia. Andika kwenye daftari: za nani, za kazi gani.

2. Toa za wenyewe kwanza. Pesa za msambazaji na za chama zisilale kwenye salio lako. Zikilala, utaziona kama zako.

3. Tenganisha mtaji. Uweke kwenye akaunti ya akiba ya simu au laini nyingine ya biashara.

4. Pesa za ghafla zilale usiku mmoja. Asubuhi utaziangalia kwa macho mengine.

5. Kabla ya kukopa, fungua mifuko yote. Linganisha riba na hasara ya kugusa akiba yako.

Ni kweli, sisi tunapata ada kila unapotuma pesa. Lakini mfanyabiashara aliyekula mtaji wake leo hana cha kutuma kesho, kwa hiyo hapa tuko upande mmoja.

Jioni hii, kabla ya kulala, angalia salio lako na uchukue karatasi. Toa za mwenye mzigo, toa za chama, toa mtaji, toa karo. Kiasi kitakachobaki chini kabisa ndicho unachoweza kutumia kesho.